Nani Amlilie Gatsby?

MHASIBU: Mwalimu, niruhusu nianze na fedha, maana The Great Gatsby ni kitabu cha fedha kabla hakijawa kitabu cha mapenzi. F. Scott Fitzgerald alikitoa Aprili 1925, akatuonyesha majira ya joto ya mwaka 1922 huko Long Island, kando ya jiji la New York. Jay Gatsby ana jumba ufukweni. Anafungua milango, watu wasiomjua wanakula, wanakunywa, wanacheza mpaka kunakucha. Fedha imetoka wapi? Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu Januari 1920, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Desemba 1933. Upenyo mmoja ulikuwa duka la dawa, kwa cheti cha daktari. Gatsby na mshirika wake Meyer Wolfsheim wakaupanua upenyo huo: walinunua maduka ya dawa ya mitaa ya pembeni, New York na Chicago, wakauza pombe kali waziwazi juu ya kaunta. Huyo ni mlanguzi. Wasomaji wamemlilia miaka mia moja sasa, nami nataka niambiwe wanalia nini.

MWALIMU: Wanamlilia mtu aliyeamini. Watazame waliomzunguka. Tom Buchanan haamini kitu isipokuwa misuli yake na akaunti yake. Daisy mkewe amechoka angali kijana. Jordan Baker anasingiziwa, na pengine si kusingiziwa, kwamba alisogeza mpira kwenye mashindano ya gofu. Gatsby peke yake ana kitu anachokiendea. Alizaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima waliokwama huko North Dakota. Ana miaka 17, hana mbele wala nyuma, anaiona yati ya tajiri Dan Cody imetia nanga mahali pa hatari katika Ziwa Superior. Anaazima mashua, anapiga makasia kwenda kumwonya kwamba upepo unaweza kuivunja ndani ya nusu saa. Kijana aliyezurura ufukweni alikuwa Gatz. Aliyefika chomboni na kuulizwa jina alikuwa Gatsby. Mwanangu, wewe umeona daftari la maduka ya dawa. Mimi nimeona mtoto aliyekataa kufa kama alivyozaliwa.

MHASIBU: Kujizaa upya si kosa. Nauliza alijilisha nini baada ya kuzaliwa. Yupo Walter Chase, rafiki wa Tom, aliyeingia katika biashara ya Gatsby kisha akaachwa afungwe mwezi mzima New Jersey. Gatsby alipoambiwa hilo usoni alijibu kwamba yule bwana alikuja kwao hana senti. Basi ndiyo aachwe? Na muda mfupi baada ya Gatsby kufa, simu inalia nyumbani kwake: kijana wao amenaswa akipitisha hatifungani kaunta. Kumbe mbali na pombe kulikuwa na karatasi pia. Nyuma ya yote yuko Wolfsheim, ambaye kitabuni ndiye aliyepanga matokeo ya fainali za besiboli za mwaka 1919. Upangaji ule ulitokea kweli. Wachezaji 8 wa Chicago White Sox walifungiwa maisha, na Fitzgerald alimchora Wolfsheim kwa kumtazama mcheza kamari Arnold Rothstein. Wolfsheim ndiye aliyemwokota Gatsby baada ya vita akamlea. Njia ya mwongo ni fupi, Mwalimu, na hii ilipita juu ya migongo ya watu.

MWALIMU: Na ilikuwa inakwenda wapi? Hapo ndipo mhasibu anapofunga kitabu mapema. Mwaka 1917, mjini Louisville, ofisa kijana asiye na kitu alimpenda Daisy Fay. Akaenda vitani. Daisy akasubiri, akachoka kusubiri, Juni 1919 akaolewa na Tom wa Chicago. Gatsby alitumia miaka mitatu kupata fedha za jumba lile, na akalinunua pale kwa sababu moja tu: ng'ambo ya ghuba, mwisho wa gati la nyumba ya Daisy, kulikuwa na taa ya kijani. Karamu zote zile, muziki wote ule, ni mtego wa mtu mmoja. Alitumaini usiku mmoja Daisy angeingia.

MHASIBU: Hakuja. Ikabidi aletwe kwa chai nyumbani kwa jirani wa Gatsby, Nick Carraway, binamu yake Daisy, huyo huyo anayetusimulia kisa. Na alipoingizwa katika jumba, tazama Gatsby alimwonyesha nini. Mashati! Alifungua kabati akaanza kuyarusha juu ya meza, moja baada ya jingine, ya hariri, ya kitani, ya kila rangi, yameagizwa kutoka Uingereza. Daisy akainamisha kichwa ndani ya yale mashati akalia. Analilia nguo, Mwalimu.

MWALIMU: Analilia miaka mitano.

MHASIBU: Anasema mwenyewe kwamba anahuzunika kwa kuwa hajapata kuona mashati mazuri namna ile.

MWALIMU: Kwani wewe ukikutana na uliyemwacha kwa sababu ya umaskini, ukamkuta hana tena umaskini, utasema neno la kweli papo hapo? Mtu hushika kilicho karibu. Cha karibu kilikuwa shati.

MHASIBU: Basi tukubaliane kwamba wote wawili wamekosa lugha nyingine. Hata Gatsby, akieleza kinachomvuta katika sauti ya Daisy, anasema ni fedha. Sikumsingizia. Na vitabu je? Kwenye karamu mgeni mmoja mwenye miwani mikubwa anaingia maktaba ya jumba lile, anashangaa kukuta vitabu ni vya kweli. Zama zile kurasa nyingi zilitoka kiwandani zimeungana, msomaji akazikata mwenyewe kwa kisu. Za Gatsby hazikuwa zimekatwa. Rafu zimejaa, hakuna kitabu kilichofunguliwa. Ndivyo ilivyo elimu yake, na jina lake, na simulizi lake la kusoma Oxford, kumbe alikaa pale miezi mitano tu kwa mpango wa maofisa baada ya vita.

MWALIMU: Anayetaka kudanganya tu angenunua maboksi yenye migongo ya vitabu. Gatsby alinunua vitabu. Alikuwa na heshima kwa kitu asichokijua, na mimi niliyekaa darasani maisha yangu yote siwezi kuidharau heshima hiyo. Lakini tusimalize siku nzima kwa Gatsby. Uniambie habari za Tom. Mali yake ameipataje?

MHASIBU: Amerithi.

MWALIMU: Hapigi hesabu mtu yeyote juu ya mali ya Tom. Hata wewe umeanza na maduka ya dawa, hukuanza na farasi wa polo aliowaleta kutoka Lake Forest. Siku moja kabla ya harusi alimpa Daisy mkufu wa lulu wa dola 350,000.

MHASIBU: Hilo nimelipigia hesabu, kwa haki kabisa. Nick alipanga nyumba yake kwa dola 80 kwa mwezi, jirani ya jumba la Gatsby. Mkufu ule ungemlipia Nick kodi kwa miaka 364 na miezi saba.

MWALIMU: Kwa hiyo mtu mmoja shingoni amevaa kodi ya nyumba ya karne tatu na nusu, na tunatafuta mwizi ng'ambo ya ghuba! Twende kwenye ile siku ya joto kali katika hoteli ya Plaza. Tom anamvua Gatsby nguo mbele ya watu: mlanguzi, muuza pombe, mtu asiye na ukoo. Na mezani pale kuna nini? Kuna chupa ya wiski iliyozungushiwa taulo, na aliyeibeba kutoka nyumbani ni Tom mwenyewe. Alinunua wapi? Anamhukumu muuzaji huku amenunua. Nikuulize wewe mtu wa vitabu vya hesabu: haramu huwa haramu kwa muuzaji peke yake?

MHASIBU: Hapo umenibana. Nakubali, na nitakupa silaha nyingine uitumie dhidi yangu. Mwaka 2012 mwanauchumi Alan Krueger, mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi wa Rais Obama, alionyesha mchoro wa nchi kadhaa. Pale tofauti ya kipato ilipokuwa kubwa, mtoto alielekea zaidi kubaki na hali ya mzazi wake, tajiri kwa tajiri, fukara kwa fukara. Mchoro huo ukaitwa kwa jina la Gatsby. Naamini jina lilichaguliwa vizuri. Ngazi ile ilikuwa haina vipandio vya katikati, na aliyetaka kupanda aliruka kupitia dirishani. Lakini kulielewa dirisha si kulihalalisha, Mwalimu. Mimi nakaa na vijana ofisini wanaoniuliza kila siku kwa nini wasiruke.

FUNDI GARI: Naombeni nafasi. Mmezungumza sana na bado hamjafika gereji.

MWALIMU: Karibu, Fundi.

FUNDI GARI: Mimi kitabu hiki nilikisoma polepole, na mahali pa kwanza niliposimama ni kwenye machungwa. Kila Ijumaa makasha matano ya machungwa na malimau yanaingia kwa Gatsby kutoka kwa muuza matunda wa New York. Kila Jumatatu maganda yanatoka mlango wa nyuma, nusu nusu, yamekamuliwa, yamerundikwa kama kichuguu. Katikati ya Ijumaa na Jumatatu kuna mashine jikoni. Inakamua machungwa 200 kwa nusu saa, mradi mtumishi abonyeze kitufe kidogo mara 200 kwa kidole gumba. Nikakitazama kidole changu. Mnajadili Gatsby alikuwa na imani, Tom alikuwa na mkufu. Mwenye kidole gumba hana hata jina.

MHASIBU: Lakini huyo alilipwa mshahara.

FUNDI GARI: Na George Wilson alilipwa nini? Gereji yake iko barabarani katikati ya Long Island na jiji, kwenye bonde la majivu. Bonde lile Fitzgerald hakulitoa hewani. Lilikuwa jalala la Corona, Queens, ambako majivu ya makaa ya mawe yaliyotoka majiko ya Brooklyn yalimwagwa miaka mingi mpaka yakawa vilima, na baadaye ndipo palisawazishwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1939. Matajiri hupita pale kwa gari au treni wakielekea kwenye starehe. Wilson yuko pale na nguo zake zimeshika vumbi la majivu. Tom ana gari kuukuu, anamwahidi atamuuzia, Wilson aliuze apate chochote. Kila Wilson akiuliza, anaambiwa subiri, mtu wangu bado analishughulikia. Mimi biashara hiyo naijua. Mwenye gari anakuweka kwenye kamba. Wala si gari analolitaka pale gereji, anamtaka mkeo.

MWALIMU: Myrtle.

FUNDI GARI: Myrtle, ndiyo. Mwanamke ana nguvu, ana damu, amechoka kuishi juu ya gereji. Tom akampangia nyumba ndogo mjini, mtaa wa 158. Siku moja njiani akamnunulia mtoto wa mbwa kwa dola kumi. Usiku wa siku hiyo hiyo Myrtle akalitaja jina la Daisy, akalirudia kwa kelele, na Tom akamvunja pua kwa kiganja. Mbwa kwa mkono huu, kipigo kwa mkono ule, siku moja. Baadaye Wilson akakuta juu ya kabati la mkewe kamba ya mbwa, ya ngozi na fedha iliyosokotwa, ghali, imefungwa katika karatasi laini. Nyumbani kwao hawana mbwa. Fikirieni mwanamume ameshika kamba ile mkononi, anaitazama, hana mbwa.

MHASIBU: Hapo nilipita haraka niliposoma. Sikuiona.

FUNDI GARI: Wengi hupita haraka pale. Hata barabara yenyewe imejengwa kwa kupita. Halafu lile gari la njano la Gatsby likaja, usukani kashika Daisy. Myrtle alikuwa amefungiwa juu na mumewe, akachomoka, akalikimbilia akidhani ndani yumo Tom, kwa sababu mchana alimwona Tom akiliendesha. Gari halikusimama. Mwili wake walipouingiza ndani walikosa pa kuulaza, wakaulaza kwenye meza ya kazi, umeviringishwa blanketi juu ya blanketi. Ile meza ni yetu sisi mafundi. Ndipo tunapoweka spana.

MWALIMU: Lakini tumpe Gatsby haki yake. Alikuwa tayari kusema ni yeye aliyekuwa akiendesha. Usiku ule alisimama nje ya nyumba ya Daisy gizani mpaka karibu alfajiri, akimlinda asije Tom akamdhuru. Na alimuuliza Nick yule mwanamke alikuwa nani.

FUNDI GARI: Aliuliza mara moja. Akajibiwa ni mke wa mwenye gereji. Kisha akarudi kwa Daisy: Daisy alishtuka, Daisy amechoka, Daisy atapumzika. Gari alikuwa amekwisha lipitisha barabara ya kando na kulificha. Mwalimu, mtu akikesha kumlinda aliyeua, huo ni upendo au ni ukafiri?

MWALIMU: Ni vyote. Ndiyo maana kitabu kinauma.

MHASIBU: Na ndani ya ile nyumba aliyoilinda, Nick alichungulia dirishani akawaona Tom na Daisy wamekaa jikoni. Katikati yao sahani ya kuku wa kukaanga aliyepoa, chupa mbili za bia. Hawajala. Tom anaongea, mkono wake umefunika wa mkewe, Daisy anatikisa kichwa kukubali. Nilikuja hapa kumshitaki Gatsby. Lakini kikao kile cha jikoni ndicho kikao cha bodi, na uamuzi uliotoka pale ulimuua. Wilson alipokuja na bastola kuuliza gari la njano ni la nani, Tom alimtajia. Wilson akamkuta Gatsby kwenye bwawa lake la kuogelea, amelala juu ya godoro la upepo, akampiga risasi, akajipiga na yeye. Nikihesabu: Myrtle, Gatsby, Wilson. Watatu waliokufa, hata mmoja hakuzaliwa na mali. Waliozaliwa nayo walifunga mizigo wakaondoka bila kuacha anwani.

MWALIMU: Tulizoea kuambiana aliye juu mngoje chini. Kwa Tom tutangoja mpaka lini? Kitabu kinakwisha hajashuka hata ngazi moja. Ndiyo sababu mimi nikifika kwenye lile jumba lililobaki tupu, majani yamerefuka, namkumbuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na majumba ya Pate katika Al-Inkishafi. Kule nako palikuwa na taa, wageni, vicheko, kisha magofu.

MHASIBU: Kwa tofauti kubwa, Mwalimu. Yule mshairi wa Pate anaukanya moyo wake mwenyewe. Fitzgerald anamkanya nani? Aliishi Great Neck, Long Island, tangu 1922 mpaka 1924, akihudhuria karamu hizo hizo. Zelda, mchumba wake, alivunja uchumba nao ukarudi riwaya yake ya kwanza ilipokubaliwa, wakaoana Aprili 1920. Alichokuwa akikilaani ndicho alichokuwa akikinunua.

MWALIMU: Kwa hiyo alikuwa anaukanya moyo wake, ila kwa riwaya. Nani mwingine angeijua harufu ya mambo yale? Na haikumtajirisha. Alikufa Desemba 1940, Hollywood, ana miaka 44, na nakala za chapa ya pili zilikuwa bado ghalani. Ni baada ya Jeshi la Marekani kuwagawia askari wake nakala zaidi ya laki moja katika Vita vya Pili vya Dunia ndipo watu wengi walipokisoma.

FUNDI GARI: Mimi nina shaka naye kwa jambo jingine. Tom anasoma kitabu kinachoonya kwamba watu weusi watawameza weupe, na Fitzgerald anamfanya aonekane mjinga, vizuri. Lakini Nick naye akivuka daraja la Queensboro anawaona weusi watatu ndani ya gari lenye dereva mweupe, anacheka. Wolfsheim Myahudi amechorwa pua tupu, na vifungo vya mikono vya magego ya binadamu. Mwandishi alimwona Tom. Hakujiona alipokuwa amesimama karibu naye.

MWALIMU: Sina jibu la hilo, Fundi, na darasani silipiti kimya. Ila nitarudi kwenye mazishi, maana ndiyo yanayonishika. Mvua inanyesha. Katika mamia waliokula kwa Gatsby, anakuja mmoja tu, yule mgeni mwenye miwani mikubwa. Klipspringer, aliyekaa kwenye jumba lile kama kwake, anapiga simu, na Nick anadhani atakuja mazishini. Anauliza viatu vyake vya tenisi. Wolfsheim anakataa kuja. Anakuja baba mzazi, Henry Gatz, kutoka Minnesota, na picha ya jumba la mwanawe iliyochakaa pembe kwa kushikwashikwa. Anaionyesha kwa fahari. Anatoa na kitabu cha utotoni ambamo mtoto ameandika ratiba: saa ya kuamka, mazoezi, masomo, kuacha sigara, kuweka akiba kila wiki. Baba huyo hajui chochote cha maduka ya dawa. Namlilia mtoto wa ile ratiba, mwanangu, na sitaomba radhi.

MHASIBU: Mtoto wa ile ratiba na mimi namlilia. Aliyemwacha Walter Chase gerezani, simlilii. Kwangu ni watu wawili ndani ya jeneza moja.

FUNDI GARI: Mwalimu, kitabu unacho hapo?

MWALIMU: Ninacho.

FUNDI GARI: Karibu na mwisho, Tom anakutana na Nick barabarani, anasema na yeye aliteseka. Alipokwenda kurudisha ile nyumba ya mtaa wa 158 aliona boksi la biskuti za mbwa juu ya kabati, akakaa chini akalia kama mtoto.

MHASIBU: Nakumbuka. Labda alimlilia Myrtle kupitia boksi lile.

FUNDI GARI: Labda. Gatsby amepata mvua, baba, picha, ratiba, kurasa kadhaa za mazishi. Nitafutie, Mwalimu, mahali wanapomzika Myrtle. Au Wilson.

MWALIMU: Kuna uchunguzi wa vifo vile. Dada yake Catherine anaapa kwamba Myrtle aliishi kwa raha na mumewe. Ngoja nifunue mbele.

FUNDI GARI: Nakungoja.

MWALIMU: Hakuna, Fundi. Nimefika mwisho.